Msitu uko chini ya jembe: kisiki hai na maji ya mvua Dodoma

Ingia shambani huku Chamwino au Mpwapwa mwezi Septemba. Mabua ya mtama yameshaliwa na ng'ombe, vumbi jekundu linafika kwenye kifundo cha mguu, na ukitazama mbali unaona ardhi tupu. Sasa inama. Kila baada ya hatua kumi, kumi na tano, kuna kichaka cha kimo cha goti chenye vijiti ishirini au thelathini vilivyobanana kama ufagio. Mwenye shamba atakuambia hayo ni magugu sugu: anayafyeka Novemba, Februari yamerudi. Fukua pembeni ya kimojawapo na jembe litagonga mti, kisiki kinene kama paja, chenye makovu ya panga ya miaka na miaka, na mizizi iliyokwisha kushuka mita kadhaa kutafuta maji.

Msitu wa Dodoma uko hapo. Unafyekwa kila mwaka kabla haujasimama.

Linganisha na mche wa kitalu. Umepandwa Januari, mvua ikakata Aprili, na Mei unaingia kiangazi ukiwa na mzizi mfupi kuliko mkono wa mtoto. Kutoka hapo hadi mvua nyingine ni kama wiki 30. Ukiupa lita 10 tu kwa wiki, umeunywesha lita 300. Miche 100 itataka lita 30,000, yaani madumu 1,500 ya lita 20, kwenye kijiji ambacho dumu la maji ya kunywa lenyewe ni foleni. Ndiyo maana kampeni nyingi za kupanda miti zina picha nzuri za Januari na hazina picha hata moja ya Oktoba. Miche ina mahali pake: nyumbani, shuleni, karibu na bafu, popote maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Shambani, kilomita mbili kutoka kisimani, mche unapandwa ili ufe.

Njia ya kulea visiki, yaani kubakiza vijiti vichache kwenye kisiki hai na kuvikuza viwe miti, si ngeni duniani. Mwaka 1983, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa Maradi nchini Niger, alichoka kuona miche yake ikikauka, akagundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa. Wakulima wa Niger wamekwisha kurudisha miti kwenye takribani hekta milioni 5 kwa njia hiyo. Hapa kwetu imepewa jina la Kisiki Hai, na tangu 2018 shirika la LEAD Foundation la hapa Dodoma pamoja na Justdiggit la Uholanzi wamekuwa wakiieneza vijijini. Jina limefika mbali, ila utaalamu wenyewe mara nyingi unafika nusu. Watu wanasikia "acha visiki viote", wanaviacha, na baada ya miaka miwili wana kichaka kikubwa zaidi ambacho plau haiwezi kupita. Hapo wanakifyeka kwa hasira, na hawataki tena kusikia habari hiyo.

Panga likate wapi

Kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, mavuno yakiwa ndani na mti ukiwa umelala. Anza kwa kuzunguka shamba bila panga. Hesabu visiki ulivyonavyo na uamue vipi vinabaki. Kwenye shamba la mazao, miti 40 hadi 100 kwa hekta inatosha, ambayo ni 16 hadi 40 kwa ekari, au mti mmoja kila baada ya mita 10 hadi 16. Anayelima na maksai aache nafasi za mistari ya plau, na miti yenye miiba mirefu aisogeze pembezoni, maana tawi la mgunga usoni mwa mtu anayeongoza ng'ombe ni kesi. Kwenye eneo la malisho unaweza kuacha mingi zaidi.

Uchague aina gani? Inategemea unataka nini baada ya miaka mitano. Mgunga huangusha maganda ambayo mbuzi huyapenda Agosti wakati nyasi zimekwisha, na mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Mkole hutoa fito zilizonyooka na matunda ya watoto. Mlama ni nguzo na kuni. Ukikuta mpingo, usiulize mara mbili, uache.

Kisha rudi na panga lililonolewa hadi likate unywele. Kwenye kila kisiki unabakiza vijiti vitatu. Vile vinavyotoka chini kabisa, karibu na udongo, ndivyo bora. Vinavyoota juu kwenye ukingo wa kisiki vinavutia kwa unene, lakini vimeshikilia mbao inayooza, na upepo wa kwanza wa Desemba unavibandua pamoja na gome. Chagua vilivyonyooka, vinavyoachana, visivyosuguana. Vingine vyote kata.

Kwa nini vitatu na si kimoja? Kwa sababu mbuzi atakula kimoja, na cha pili atakikata mtoto anayetafuta fimbo. Ikitokea vyote vitatu vimepona, mwaka wa pili au wa tatu unapunguza kimoja na kupata fito yako ya kwanza.

Panga lipite kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu kwenda chini, tawi linaanguka kwa uzito wake kabla ya kukatika lote na kuchana ukanda wa gome hadi kwenye shina, na jeraha hilo ndilo mlango wa mchwa na ukungu. Kata karibu na shina bila kuligusa. Usiache kipande kilichochomoza kama ndoana. Kitakauka na mchwa watakifanya ngazi.

Matawi ya pembeni yapogolewe nusu ya chini tu. Kijiti cha mita 1.2, safisha sentimita 60 za chini, hapo juu acha. Kosa la kawaida kuliko yote linatokea hapa: mtu anaona raha ya mti kunyooka, anapanda na panga hadi juu, anaacha kishungi cha majani kileleni. Shina bado ni jembamba kama kidole gumba, kichwa kimebeba majani yote. Mvua ya kwanza yenye upepo inakilaza, na kikishalala hakiinuki tena.

Malizia kwa alama: kitambaa chenye rangi ambayo kijiji kizima kimekubaliana kwamba maana yake ni "huu unalelewa". Kifunge kwa kulegea. Waya na kamba ya nailoni ni sumu, kwa sababu shina linanenepa na kamba hainenepi. Baada ya mwaka utakuta mti umekabwa shingo na sehemu ya juu inakauka. Ile miiba uliyokata izungushe kwenye kisiki kama boma dogo. Majani yaache chini yafunike udongo.

Baada ya hapo kisiki kitafanya kile ambacho kimefanya maisha yake yote, kitachipua upya. Januari, ukipalilia mtama, machipukizi mapya yatakuwa laini na yanang'oka kwa vidole. Ukiyaacha hadi Juni yanataka panga. Ukiyaacha miaka miwili, ufagio umerudi. Pita mara mbili au tatu kwa mwaka, kila mti hauchukui dakika tano. Kwa kuwa mzizi ni wa zamani na akiba yake ya chakula ni kubwa, chipukizi linaweza kukupita kimo ndani ya masika mbili au tatu, jambo ambalo mche wa kitalu hauwezi kuliota.

Mbuzi, moto na jirani

Ukame wenyewe huua visiki vichache. Vingi huuliwa baada ya mavuno, kwa sababu huku kwetu mazao yakishatoka shambani, shamba ni la wote. Ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia kula mabua, na nyuma yao mbuzi. Mwenye shamba anaweza kupogolea kwa ustadi wote na bado akakuta Agosti vijiti vimebakia mifupa. Hili halitatuliwi na panga.

Linatatuliwa na mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, wananchi wanaijadili kwenye mkutano wa kijiji, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Sheria ndogo nyingi za mazingira hufa mapema kwa sababu moja, zinasema "mifugo marufuku" bila kusema mifugo ipite wapi. Ng'ombe lazima afike kwenye lambo. Kama mapalio, yaani njia za mifugo, hayakuchorwa na kuwekewa alama, na kama hakuna eneo lililoachwa kwa ajili ya kuchungia Julai hadi Oktoba, mfugaji atavunja sheria siku ya pili, na mwenyekiti wa kitongoji ambaye naye ana ng'ombe hatamtoza faini. Wafugaji wakae kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Anayechunga kila siku ndiye anayejua kichaka gani kiko wapi.

Mkoa huu una somo lake la zamani kuhusu jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na sehemu iliyoharibika zaidi ilikuwa Kondoa, eneo la kilomita za mraba 1,256 lililochanwa na makorongo hadi udongo mwekundu ukawa kama nyama iliyochunwa. Kwanza walijaribu matuta na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa. Nyasi zilirudi, vichaka vikasimama kutoka kwenye visiki vile vile ambavyo mbuzi walikuwa wakivinyoa, na sehemu za makorongo zikatulia. Kwa upande wa ardhi, hesabu ilikubali. Kwa upande wa watu, familia zilipoteza maziwa na samadi, na ng'ombe walihamishiwa tambarare za wengine, mzigo ukahama nao. Ufugaji wa ndani uliruhusiwa baadaye. Ardhi iliyopumzishwa inajiponya, hilo Kondoa ilionyesha wazi. Lakini kupumzisha kwa zamu, kipande kwa kipande, kwa makubaliano, kunadumu kuliko amri.

Maboza kumi na mawili kwa nusu saa

Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa msimu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi Februari inakata kwa wiki mbili, tatu, mtama ukiwa unataka kutoa masuke. Watu husema mvua ni chache. Ni kweli, ila fanya hesabu hii kwanza. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30, ile ya nusu saa inayopiga mabati hadi hamsikilizani, inamwaga kwenye ekari moja lita 121,000 hivi. Ni maboza 12 ya lita 10,000, bure, mlangoni. Saa mbili baadaye sehemu kubwa iko korongoni.

Sababu ni gamba. Matone makubwa yakipiga udongo mwekundu usio na majani, chembe ndogo zinaziba vitundu vya juu, na udongo unafunga kama sakafu ya saruji. Chini yake ni pakavu. Chimba kidole baada ya mvua kama hiyo utaona mwenyewe: sentimita tatu za tope, kisha vumbi. Maji yanachukua udongo wa juu na samadi, yanaingia mto Kinyasungwe, na mchanga wake unakwenda kuzika madaraja ya Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli hiyo sehemu nyingi.

Na mvua za namna hiyo zinaongezeka nguvu. Hewa ikipata joto nyuzi moja zaidi, inabeba mvuke wa maji kama asilimia 7 zaidi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya enzi ya viwanda. Mvuke huo unashuka kwa mkupuo, kisha jua linawaka siku nyingi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha jiji la Dodoma, vina kumbukumbu za kina cha maji za zaidi ya miaka 50. Watafiti walipozichambua walikuta kwamba hifadhi ile ya chini ya ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Misimu saba tu yenye mvua kali ilichangia karibu asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia, na ule wa El Niño wa 1997/98 peke yake karibu moja ya tano. Mvua ile ile inayobomoa daraja ndiyo inayojaza kisima, mradi imekutana na mchanga wa kijito unaoyaacha maji yazame. Kazi ya mkulima ni kutengeneza mahali pa kuzama kwenye shamba lake.

Kifaa cha kwanza hakinunuliwi. Chukua miti miwili ya mita 2, iunganishe juu, itanue miguu mita 2, funga mti wa tatu katikati uwe kama herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza timazi: kamba yenye jiwe, au chupa iliyojazwa mchanga. Isimamishe, weka alama mahali kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa mguu mmoja uweke kwenye kigingi, wa pili uzungushe hadi kamba itulie kwenye alama, piga kigingi, endelea. Fanya asubuhi kabla ya upepo wa Dodoma kuamka, maana saa tano kamba inacheza ngoma. Angalia mguu usikae juu ya shina la nyasi wala ndani ya wayo wa ng'ombe. Kosa la sentimita tano hapo litakuwa shimo la kutokea maji yote ya mstari mzima, na tuta lililobomoka sehemu moja huchimba korongo ambalo halikuwepo. Ukishapiga vigingi, simama mbali uutazame mstari. Kilichochomoza sana kirudishe mahali pake kwa jicho.

Mtaro wenyewe ni upana sentimita 60 na kina sentimita 60, uchimbwe vipande vya mita 3 hadi 5, na kati ya kipande na kipande acha nusu mita isiyochimbwa. Vizuizi hivyo ndivyo bima yako, maana tuta likipasuka mahali pamoja, linamwagika shimo moja tu. Kila mita ya mtaro inabeba lita 360. Ukitupa udongo upande wa juu ni fanya juu, na baada ya miaka shamba linajitengenezea ngazi. Ukiutupa chini ni fanya chini, kazi nyepesi zaidi, nzuri kwa malisho. Vyovyote vile acha ukingo wa sentimita 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo udongo unarudi ulikotoka. Mteremko mdogo, mita 15 hadi 20 kati ya mitaro. Mteremko ukikaza, mita 10. Juu ya tuta weka nyasi, na visiki vilivyo karibu na mtaro viwe vya kwanza kulelewa.

Kwenye mazao kuna mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji chake cha hapa hapa Dodoma. Kipenyo sentimita 22, kina 30, sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Udongo uliotolewa unazungushwa kuwa kijituta. Ndani unatia majivu kuwafukuza mchwa, samadi, na mabaki ya mazao, unarudisha udongo kiasi na kuacha nafasi ya maji kutuama, kisha mbegu moja au mbili za mtama, uwele au mahindi. Katika mvua ya milimita 30 kila shimo lina eneo lake la kukusanya lita 16.

Ubaya wake hausemwi kwenye semina: ekari moja ina mashimo kama 7,500, na udongo wa kuchimba unazidi mita za ujazo 80. Hakuna kaya ya watu wawili inayomaliza hiyo kabla ya Desemba. Anza na robo ekari, mashimo kama 1,900, ishirini kwa siku kila mtu, Agosti hadi Oktoba. Sehemu nyingine pasua kwa jembe la Magoye linalokokotwa na maksai, ambalo huvunja tabaka gumu bila kupindua udongo. Na samadi iwe imeoza. Mbichi itachoma mbegu na kuleta funza wa mbawakawa wanaokula mizizi.

Wanaokuja vijijini kuzungumzia fedha za kaboni nao wapo. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kabla ya kijiji kutia saini, ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi na kama mtaruhusiwa kukata fito. Mti usioruhusiwa kupogolewa hauna faida kwa mkulima, naye hataulinda.

Kwa sababu faida ya kwanza inatoka kwenye panga. Oktoba ya mwaka wa pili, kabla ya mawingu kuanza kurundikana upande wa mashariki, rudi kwenye kile kisiki cha kwanza. Vijiti vitatu, kimoja kimepinda kidogo kuelekea njia ya plau. Kikate karibu na udongo, kutoka chini kwenda juu, pogolea vilivyobaki hadi nusu ya kimo chao kipya, badilisha kitambaa kilichopauka. Kile ulichokata kiegemeze kwenye ukuta wa jikoni siku nne hivi kikauke.